Doa Katika Barua ya Rambirambi

Vitabu vya kukariri maneno ya Kiingereza nchini China, vingi vyake, hupangwa kwa alfabeti, na neno la kwanza kabisa huwa abandon. Mwanafunzi huanza nalo siku ya kwanza. Akichoka akakiweka kitabu kando, siku akirudi anaanza nalo tena. Ndiyo maana Wachina wenyewe hutaniana kwamba lipo neno moja la Kiingereza ambalo hakuna asiyelijua, nalo maana yake ni kuacha. Wachapishaji walipoona hivyo wakatoa matoleo ya luanxu, yaani yaliyovurugwa mpangilio, ili watu wasikwame kwenye herufi A.

Utani huo umebeba jasho jingi. Mwanafunzi wa chuo kikuu huko anakabiliwa na mtihani wa Kiingereza wa Ngazi ya Nne, ulioanza mwaka 1987, kisha wa Ngazi ya Sita, ulioanza 1989, na vyeti vyake vimeulizwa na waajiri miaka nenda miaka rudi. Aliyetaka kusoma Marekani alikuwa na mtihani wa GRE, ambao hadi Agosti 2011 ulikuwa na maswali ya kutafuta kinyume cha maneno mazito mazito. Kwa ajili ya mtihani huo vijana walibeba kitabu chekundu cha Yu Minhong, mwanzilishi wa shule za New Oriental zilizoanzia Beijing mwaka 1993. Walikiita hongbaoshu, hazina nyekundu, na wapo waliokimaliza bwenini kwa mwanga wa tochi baada ya taa kuzimwa. Nawaheshimu watu hao. Anayewacheka hajawahi kujifunza lugha iliyo mbali kiasi hicho na lugha ya mama yake.

Hata hivyo kukariri kwa orodha kuna hatari yake, na kisa hiki nakileta kwa sababu ya hatari hiyo. Ni kisa cha kufundishia: wahusika hawana majina na chuo hakitajwi. Makosa yaliyomo ndiyo ya kweli.

Alikuwapo binti mmoja wa mkoa wa Hunan, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyesifika darasani kwa msamiati. Alijua mbinu zote za kukariri. Alijua ile ya kufananisha sauti, ambayo kwayo neno ambulance hushikwa kwa sentensi ya Kichina an bu neng si, yaani "mimi siwezi kufa", jambo ambalo mgonjwa aliye ndani ya gari hilo angependa sana kulisema. Alijua pia mbinu ya kuchambua mizizi, aliyoiona ya kisomi zaidi. Alipofika kwenye neno indelible alilikata vipande vitatu: in ya kukanusha, del aliyoifahamu kutoka kwenye kitufe cha kufutia kwenye kompyuta yake, na ible ya kuwezekana. Kisichoweza kufutwa. Pembeni ya neno, programu ya simu yake iliandika tafsiri mbili, ca bu diao de na bu ke mo mie de, ile ya kwanza ikiwa ni ya kitu kisichofutika kwa kusugua, na ya pili ya jambo lisilomomonyoka wala kuzimika. Chini yake kulikuwa na mfano mfupi wa maneno mawili: indelible stain. Akabonyeza alama ya kwamba ameshalijua, akaendelea na neno lililofuata.

Chuoni kwao kulikuwa na mwalimu mzee kutoka Uingereza, aliyewafundisha kuandika tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa mtu wa kukaa na mwanafunzi mmoja mmoja baada ya kipindi, daftari katikati, kalamu ya risasi mkononi, akiuliza, "Hapa ulitaka kusema nini hasa?" Mwaka huo alirudi kwao kwa matibabu, akafariki. Darasa likakubaliana kuandika barua ya rambirambi kwa familia yake, na kazi hiyo akapewa binti, kwani nani mwingine alikuwa na maneno kama yeye?

Alikesha nayo. Hakutaka barua ya maneno ya kawaida kwa mtu aliyewapa mengi. Alitaka kusema kwamba mwalimu amewaachia kitu ambacho hakitatoka ndani yao. Kichwani mwake kulikuwa na usemi wa Kichina er ru mu ran, masikio kulowa na macho kupata rangi, unaotumika kwa mtu aliyekaa karibu na mwenye tabia fulani mpaka ikamwingia bila kujua, na mara nyingi ni sifa njema. Kupakwa rangi na mwalimu wako: picha nzuri ilioje! Neno la kupaka rangi, stain, alikuwa nalo, na kivumishi kilichokaa nalo kwenye simu yake alikuwa nacho. Akaandika: He left an indelible stain on our lives. Wanafunzi wenzake wakaisoma, wakaona inapendeza, wakatia sahihi zao chini.

Kwa Kiswahili familia ile ilisoma hivi: "Ametuachia doa lisilofutika maishani mwetu."

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu doa kwetu linafanya kazi ileile. Doa la mafuta kwenye kanzu ni doa tu, lakini doa katika maisha ya mtu ni aibu, ni jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa, yameandikwa na binti wa marehemu. Alishukuru kwa adabu. Kisha, katika aya ya mwisho, aliuliza kama kuna jambo lolote ambalo baba yao alilitenda huko China na ambalo familia haikuambiwa.

Binti wa Hunan alizijua herufi zote na maneno yote ya sentensi ile, na hakuelewa kwa nini ameulizwa. Akaipeleka barua kwa mhadhiri wake, Mchina mwenzake.

"Mwalimu, nimekosea tahajia?"

"Hapana, mwanangu. Tahajia iko sawa."

"Basi ni sarufi?"

"Sarufi pia iko sawa. Umewaambia kwamba baba yao aliwachafua."

Barua ya pili aliiandika jioni hiyohiyo. Iliomba radhi, ikaeleza usemi wa Kichina uliompotosha, ikasema kwamba darasa lilimpenda mwalimu wao na halitamsahau. Hapakuwa na neno ndani yake ambalo mtoto wa sekondari asingelijua. Familia ilijibu kwa upole na mambo yakaisha. Lakini kwa siku zote ambazo barua ya pili ilikuwa njiani, watu waliofiwa walikuwa wanamtazama marehemu wao kwa shaka. Kwa macho yangu hilo si kosa dogo la lugha.

Kosa hilo lilianza mapema, kabla ya usiku wa barua. Watu wengi wangelibebesha lawama neno stain peke yake, na kweli linazo. Fundi seremala wa Kiingereza hulitumia kwa rangi ya mbao na mtu wa maabara kwa rangi ya kuonyesha vijidudu kwenye darubini, na huko halina ubaya wowote. Likiwekwa juu ya maisha au jina la mtu, linageuka uchafu. Kichina kinaacha milango yote miwili wazi: ukikaa karibu na rangi nyekundu utakuwa mwekundu, ukikaa karibu na wino utakuwa mweusi, ndivyo methali yao inavyosema, jin zhu zhe chi, jin mo zhe hei. Mwalimu angetaja methali hiyo siku ileile neno lilipofundishwa, akauliza darasa Kiingereza kinaegemea upande upi, binti angekuwa na sababu ya kusita.

Lakini kivumishi chenyewe kina mtego wake kwa Mchina, na mtego huo uko ndani ya sarufi ya Kichina. Mchina anayetaka kusema kwamba kitu hakiondoki hatafuti kivumishi kipya kwa kila hali. Anachukua kitenzi cha kuondoa, anakiongezea bu diao, basi. Ca bu diao, hakifutiki. Xi bu diao, hakitoki kwa kufua. Chai bu diao, hakibomoleki. Wang bu diao, hakisahauliki. Sisi wenye Kiswahili tunafanya jambo la jamaa moja na hilo kwa kiambishi cha -ika: kufuta na kufutika, kung'oa na kung'oka, kusahau na kusahaulika. Kwa hiyo Mchina na Mswahili wote wawili hufika kwenye Kiingereza wakitarajia kwamba neno moja la "kisichoondoka" litazunguka kokote. Kiingereza hakikubali. Imani potofu iliyozama katika jamii ina kivumishi chake, ndoa isiyovunjika ina chake, na mtu aliyenaswa katika jambo asiweze kujitoa ana chake. Indelible kimebaki na eneo dogo, kwa sababu kimetoka kwenye kitenzi cha Kilatini delere, kufuta, na hakijaacha asili hiyo: ni cha kitu kilichopakwa, kilichoandikwa au kilichogandamizwa juu ya kitu kingine kikaingia ndani. Wino. Alama. Doa. Kumbukumbu. Taswira aliyoiacha mtu kwako mlipokutana mara ya kwanza.

Ndiyo maana mwanafunzi anayeandika kwamba ukuta wa Beijing ulikuwa indelible, akiwa na maana kwamba haukubomoleka, hasomeki. Na hapa mbinu ya mizizi inamgeuka aliyeitegemea. Kile kitufe cha kufutia kilimsaidia binti kukumbuka maana, lakini kingemfanya pia aandike indelible kwa faili linalokataa kufutika kwenye kompyuta, na Mwingereza kwa faili hilo ana neno jingine, undeletable, lililoundwa kwa kitenzi kilekile cha kufuta. Mzizi unakueleza neno lilizaliwa wapi. Kuhusu linaishi na nani sasa, unakaa kimya.

Liko pia kosa la wakubwa, ambalo nadhani linafanya kazi ya mwalimu kuwa ngumu zaidi. Ile tafsiri ya pili, bu ke mo mie, kwa Kichina inaoana vizuri kabisa na neno gongxian, mchango. Mtu aliyelitumikia taifa husifiwa kwa mchango usiomomonyoka. Sifa hiyo imetafsiriwa kwa Kiingereza katika hotuba na habari rasmi za China mara nyingi sana kuwa indelible contributions, na mwanafunzi anayesoma magazeti ya Kiingereza ya nchini mwake anaikuta imechapwa kwa wino mweusi, imehaririwa, ina heshima zote. Atamwamini nani, mwalimu wake au gazeti? Sikio la Mwingereza linaona mchango huo umekaa upande. Mchango hauandikwi juu ya kitu. Kinachoandikwa ni alama inayoachwa na mchango. Mwalimu asiogope kusema hivyo waziwazi, na aseme pia kwamba Kichina cha asili hakina kasoro yoyote. Joan Pinkham, Mmarekani aliyehariri tafsiri huko Beijing, alitoa kitabu kizima mwaka 2000 kuhusu Kiingereza cha aina hii, na sehemu yake ya kwanza yote inahusu maneno yasiyohitajika. Watafsiri wa Kichina wamejifunza humo kwa miaka mingi, na hakuna aliyepungukiwa heshima kwa hilo.

Kinachoniuma zaidi ni mafundisho ya gaoji cihui, "maneno ya ngazi ya juu". Wanafunzi wa sekondari wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, na wale wa mtihani wa kimataifa wa Kiingereza wa IELTS baada yao, hupewa orodha za kubadilisha: usiandike neno la kawaida la "muhimu", weka hili; usiandike "nyingi", weka lile; usiandike "siwezi kusahau", weka indelible. Wanaambiwa mtahini anapenda hivyo. Mtahini wa IELTS anapima maandishi kwa vigezo vinne, na kimoja kweli ni msamiati. Lakini ndani ya kigezo hicho, anayepanda alama ni yule anayetumia maneno yasiyo ya kila siku huku akijua yanaoana na yapi. Nusu ya kwanza ya maelezo hayo imetangazwa madarasani kote, nusu ya pili imeachwa. Matokeo yake ni insha ambayo kila neno kubwa limeazimwa, na kama wasemavyo wazee, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sasa neno hili lifundishwe vipi? Kwa Mchina, naona njia ipo tayari, na inaanzia nyumbani kwake. Watoto wengi huko hujifunza kuandika kwa brashi na wino wa masizi, na wino huo ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya mnyama. Ukidondoka kwenye shati jeupe la shule, mama anajua amepata kazi. Kuna mama ambao huchukua wali uliopikwa, wakausugua kwenye wino pamoja na sabuni, punje zikawa za kijivu, wakasuuza na kusugua tena. Wino ukiwa mbichi hupungua. Ukikauka, pale mahali pana kivuli kitakachobaki mpaka shati liwe la kudekia. Mwalimu aanze na shati hilo. Aulize, "Mama alisemaje?" Darasa litajibu kwa pamoja: xi bu diao! Hapo ndipo aandike indelible ubaoni, na pembeni yake aandike ink, siyo tafsiri ya Kichina.

Kisha awape Wang Xizhi. Hakuna Mchina aliyesoma ambaye hamjui mwandishi huyu wa brashi wa karne ya nne. Inasimuliwa kwamba aliandika maneno ya dua kwenye ubao wa tambiko, na mafundi walipouranda ubao ili maneno mengine yaandikwe, walikuta wino umezama ndani ya mbao kwa fen tatu, kipimo cha Kichina cha urefu. Kutokana na simulizi hiyo Wachina walipata usemi ru mu san fen, ambao siku hizi hutumika kwa mchambuzi anayeona mambo kwa undani. Lakini rudi kwenye ubao wenyewe, na randa ya fundi inayopita bila kufaulu: indelible nzima imo humo. Kuna uso, kuna kilichoandikwa juu yake, kuna mtu anayejaribu kukiondoa, na kimeingia ndani kiasi kwamba hawezi. Mwanafunzi aliyeiona picha hiyo hatakipeleka kivumishi hiki kwenye ukuta wala kwenye faili. Atakipeleka kwenye kumbukumbu kwa urahisi, kwa sababu moyo nao ni kitu kinachoandikwa juu yake, kwa Kichina kama ilivyo kwetu.

Mwalimu wa Afrika Mashariki anayefundisha Wachina, na siku hizi wapo wa aina hiyo, ana kifaa kingine cha kuonyesha. Kila uchaguzi, Kenya na Tanzania, mpigakura huchovywa kidole kwenye wino usiofutika. India walianza kutumia wino wa namna hiyo katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1962, ukitengenezwa na kiwanda cha Mysore. Una chumvi ya madini ya fedha iitwayo nitrati ya fedha; ikikutana na chumvi ya ngozi na mwanga wa jua inageuka nyeusi, na kwenye ukucha hukaa mpaka ukucha ukue na kukatwa. Sabuni, mafuta ya taa, ndimu, watu wamejaribu vyote. Onyesha picha ya kidole hicho, taja jina lake la Kiingereza, indelible ink, na mwanafunzi atajua kwamba neno hili lina matumizi ya serikali na sheria, lina urasmi wake.

Urasmi huo usiachwe hivihivi. Mwanafunzi wa Kichina akiwa London na mchuzi wa soya kwenye koti lake, akaenda kwa dobi akasema doa hili ni indelible, dobi ataelewa na atamtazama mara mbili. Watu husema doa limekataa kutoka: it won't come out. Hayo ni maneno aliyojifunza shule ya msingi, na yanasema xi bu diao kwa usahihi wote. Kivumishi kirefu kikae kwenye hotuba, wasifu, hukumu ya mahakama, riwaya, na barua ya rambirambi pia, mradi kimesimama na alama au kumbukumbu.

Katika daftari, basi, ukurasa wa neno hili usiwe na tafsiri moja ya Kichina mbele ya mkato. Uwe na nomino tano linazotembea nazo, kila moja ndani ya sentensi nzima iliyotoka katika maandishi ya kweli, na karibu na stain pawe na onyo kwa wino mwekundu kwamba juu ya mtu ni aibu. Halafu chini iachwe nafasi tupu, kwa nomino ambazo mwanafunzi atazikuta mwenyewe atakapokuwa akisoma.